Rangi ya Nne ya Pikipiki

Mwanangu Nafula,

Usipande hiyo pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaingia kwa hadithi, hadithi itazaa kichekesho, na nikija kufika kwa neno lenyewe karatasi itakuwa imeisha na wewe umeshapita Kapenguria. Salamu tumepeana tangu Ijumaa ulipofika, zinatosha. Usipande. Sasa nitakueleza sababu, na ukimaliza kusoma utakuwa na haki ya kunitukana, ila matusi yenyewe usiyapeleke kwa nyanya yako.

Umelala kwake Misikhu leo kumuaga, na nashukuru. Ulitaka kwenda nayo. Nikakwambia petroli iliyo ndani ni ya safari yako ya kazini kesho, isichezewe. Ukanitii, ukaketi nyuma ya baisikeli ya binamu yako, na mimi nikasimama mlangoni nikipunga mkono kama mtu mwema. Petroli iko ya kutosha, Nafula. Tangi limejaa mpaka shingoni. Ni mimi niliogopa kukuona ukiteremka nayo ule mteremko.

Pikipiki yenyewe iko hapa sebuleni, pale inapolala siku zote, kati ya kabati la vyombo na kiti cha wageni. Mama yako yuko chumbani na mguu wake. Mimi niko mezani, na hiyo kitu inaniangalia. Ile rangi ya kijani imeshika mwanga wa taa na inang'aa kama majani baada ya mvua. Ni nzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri nikakichukia hivi.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Tangu Ijumaa nimeufungua mara nyingi niseme, na kila mara kinachotoka ni mzaha. Jana ulipokuwa unapima sanduku lako nyuma ya kiti, nilikuja nimeshakata shauri kabisa. Ukanigeukia ukasema, "Papa, mbona uso umekuwa wa hakimu?" Nikasema ni tumbo, mama yako ametia chumvi ya ng'ombe kwenye mboga. Ukacheka, na mimi nikacheka. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Kalamu haichekeshwi.

Mambo ya kuchemsha maji na kujifunika na neti mama yako atakuambia kesho, na atakuambia mara mbili. Mimi nataka kukuambia nilivyonunua hiki chuma, na nilivyotaka kukiuza.

Unajua baba yako ni nani katika nchi hii. Kutoka Kitale mpaka Bungoma hakuna boma lenye ng'ombe wa gredi lisilojua jina langu. Nimezaa ndama kushinda fahali yeyote wa Trans-Nzoia, na sijapigwa pembe na mwenye wivu hata mmoja. Nilisoma darasa la saba, nikaongeza kozi ya sindano ya kupandisha ng'ombe, na watu wakaniita Daktari. Sijawahi kukataa jina zuri. Miaka ile ya themanini, ulipokuwa mdogo, gari la serikali lilikuwa likitubeba asubuhi, mimi na mtungi wangu wa mbegu unaotoa moshi baridi, na wenye ng'ombe wanatungoja kando ya barabara, kila mmoja na ng'ombe wake anayetaka dume. Wewe ulikuwa unawaambia wenzako ati baba yako anabeba mawingu ndani ya chupa.

Halafu gari likaacha kuja. Hakuna aliyetuambia. Siku moja halikuja, na kesho yake halikuja, na watu wakasimama barabarani na ng'ombe mpaka jua likawa kali. Nikajua ya kwamba nisipopata miguu yangu mwenyewe, udaktari umeisha.

Na kwa kununua, hakuna aliyenishinda. Si watu walikuwa wananibeba kwenda nao mnadani? Mama mmoja wa Kikikuyu mwenye shamba upande wa Kitale hakuwa ananunua hata mtamba bila mimi. Nilikuwa nafungua ng'ombe mdomo, nahesabu meno, nabinya kiwele, nampitisha mbele na nyuma nione anavyokanyaga. Nikawa nawaambia watu, "Mwenye ng'ombe anauza maneno, wewe nunua meno."

Sasa sikia mnunuzi huyo alivyonunua pikipiki. Ulikuwa darasa la sita. Wakati huo watu wengi walikuwa wanahama mashamba ya huku juu, utakumbuka tulivyoona malori yakipita na vitanda na kuku. Vitu vilikuwa vinauzwa kando ya barabara, haraka haraka, na hakuna aliyependa kuulizwa. Nikamkuta mtu Kitale na pikipiki nyeusi, injini ya mia moja na ishirini na tano, inang'aa. Kwenye usukani ilikuwa imefungwa rozari.

"Hii ilikuwa ya padri," akaniambia. "Amehamishwa. Aliipanda kwenda misa tu."

Basi. Sikufungua mdomo wa kitu. Sikupiga magoti kuangalia chini. Padri hakimbizi pikipiki, padri hadanganyi, na mimi nilijiona tayari napita Kamukuywa na rozari ikining'inia. Nikarudi nayo nyumbani nikipiga honi kutoka darajani. Wewe ulikimbia kunipokea na mwiko mkononi.

Leo sidhani kulikuwa na padri. Nadhani ile rozari ilifungwa na mtu aliyekuwa anaogopa. Au ilifungwa na wengine, baada yake.

Kwa sababu ilianza mapema, Nafula. Mwaka wa kwanza tu. Ukiteremka mlima na mwendo umefika mahali fulani, ilikuwa inatikisa kichwa. Kidogo, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ukipunguza, inaacha. Nikajiambia ni barabara. Mwaka uliofuata ikatikisa zaidi, nikajiambia ni tairi, nikabadilisha tairi. Halafu ikaanza kulia nikishika breki: *tik*, hapa mbele ya tumbo langu, kama mtu anayevunja kidole chake. Wewe uliisikia siku ile nakupeleka shule na sanduku. Ukauliza ni nini. Nikakuambia pikipiki ya padri inahesabu rozari. Ulicheka mpaka Kamukuywa, na mimi nikaisimulia hiyo kila mahali, Misikhu, Ndalu, Webuye. Watu walikuwa wananiomba nishike breki wasikie.

Ajali ya mwezi wa nne unaijua, lakini unaijua vile nilivyoisimulia. Nilikuwa nimembeba mama yako kutoka sokoni Misikhu, na kapu la nyanya mapajani mwake. Tulikuwa tunateremkia mto wa Kamukuywa, mvua imetoka kunyesha. Ikatikisa kichwa. Nikapunguza. Safari hii haikuacha. Nikashika breki, ikalia, na usukani ukaenda upande wake wakati magurudumu yanaenda upande mwingine. Niliamka kwenye matope nikaona nyanya zimetapakaa barabarani, na mama yako katikati yake. Sikujua nyekundu ipi ni nyanya.

Niliwaambia watu ni mbwa aliyekatiza barabara. Mbwa huyo sasa anajulikana Kamukuywa nzima. Kuna mtu ameniapia kwamba alimwona, ati ana doa jeupe. Hakukuwa na mbwa, mwanangu. Lakini ningesema nini? Kwamba Daktari ameangushwa na kitu alichokinunua mwenyewe?

Wiki ile ile akaja khocha wako Situma, kaka ya mama yako, akivuta kondoo. Nilikuwa nimeegemeza pikipiki ukutani nje, taa imevunjika, usukani umepinda.

"Hiki chuma kimemwaga damu ya dada yangu," akasema. "Hakiingii tena nyumbani bila kuoshwa."

"Situma, hii ni pikipiki. Si mkuki."

"Mkuki ulimvunja mguu lini? Mimi sikuja kubishana na wewe, shemeji. Nimekuja na kondoo."

Mimi ni mtu wa dunia. Nimekunywa chai na Wahindi, nimekula githeri kwa Wakikuyu, nimelala boma za Wasabaot, na kila mahali nimeona watu wakipaka kitu fulani juu ya kitu kingine ili mabaya yasirudi. Nikasema sawa, nyama ya kondoo haijawahi kumdhuru mtu. Wakachinja. Mzee aliyekuja na Situma akachota taka za tumbo la kondoo kwa mkono, yale majani mabichi na maji yake, akapaka usukani, akapaka gurudumu la mbele, akapaka shingo, pale usukani unapoingia kwenye chasisi. Akapaka shingo kwa wingi kuliko mahali pengine. Sikumuuliza sababu. Akasema ikae hivyo mpaka asubuhi.

Asubuhi mimi na Situma tukaiosha. Zilikuwa zimekauka na kushikana kama simenti. Nikamwaga maji ya moto, nikachukua gunzi la mahindi, nikasugua. Usukani ukatakata. Gurudumu likatakata. Nilipofika shingoni, rangi nyeusi ikatoka na gunzi. Halafu kikatoka kipande kizima, kama kigaga cha kidonda. Haikuwa rangi. Ilikuwa puti, ile wanayopaka mafundi wa magari kuficha mabonde. Chini yake kulikuwa na uvimbe wa kuchomelea unaozunguka shingo kama shanga, na kando ya huo uvimbe, ufa. Mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilipoubinya, maji yakaingia.

Situma akachuchumaa. Akaangalia kwa muda.

"Hii ilishavunjika," akasema. "Kabla yako."

Nikaokota kile kipande cha puti.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe, mimi na kondoo."

Hakucheka. Ni mimi peke yangu niliyecheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye majani, akasema, "Uza. Lakini uza mbali, shemeji. Mahali sitahudhuria matanga."

Niliipakia kwenye pikapu nikaipeleka Kitale kwa Jaswant. Unamjua, Singh wa spea, alizaliwa pale pale Kitale na anatukana kwa Kibukusu vizuri kuliko mimi. Tumejuana tangu siku za gari la serikali. Akapitisha kidole kwenye ufa, akanusa kidole.

"Daktari, nani alichomea hii?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui, lakini alikuwa na haraka ya kwenda mahali."

"Itatengenezeka?"

"Kila kitu inatengenezeka. Nachoma saa hii, jioni unapanda."

"Na itakaa?"

"Itakaa mpaka siku haitakaa."

"Jaswant, bana, nakuuliza kama mteja."

"Si ndiyo maana najibu vizuri? Rafiki ningemfukuza hapa."

Akaniambia dawa ni kubadilisha chasisi nzima, na chasisi yenye karatasi zake hakuna, zilizopo ni za watu wasiotaka kutajwa. Au tuifungue, injini itoke, magurudumu yatoke, kiti kitoke, auze kimoja kimoja kama spea. Injini ilikuwa nzima. Halafu akachukua kisu akakwaruza shingo kidogo anionyeshe. Juu kulikuwa na nyeusi. Chini ya nyeusi kulikuwa na bluu. Chini ya bluu, mbali kabisa, ile nyekundu ya kiwandani.

Nimeifikiria sana hiyo, Nafula. Ile nyekundu ni kiwanda. Lakini bluu ni mtu. Na nyeusi ni mtu. Mmoja aliona ufa akapaka bluu akanyamaza. Akaja mwingine, ukamtokea pia, akapaka nyeusi akanyamaza, akafunga rozari juu yake. Sijui kati yao kuna nani alianguka na kama aliamka. Najua tu kwamba hakuna hata mmoja aliyemwambia anayemfuata.

Ungedhani mtu aliyeona hivyo angejua la kufanya. Mama yako alikuwa amelala na mguu umefungwa. Mimi nikasimama kwenye duka la Jaswant nikafikiria jambo moja: pikipiki iliyopita Kamukuywa miaka yote hii, watoto wakipiga kelele "Daktari, Daktari," leo irudi ndani ya gunia kama kuku aliyekatwakatwa? Watu waseme nini? Nikaona aibu. Nikamwambia Jaswant anyoshe usukani, aweke taa mpya, shingo aiache. Akaniangalia, akafanya nilivyosema. Nikaisukuma mwenyewe mpaka kwa kijana wa rangi nyuma ya soko.

Hiyo kijani nilichagua mimi. Puti mpya nilisimamia mimi, nikamwambia aongeze hapa, asawazishe pale. Nilikuwa nasimamia kama vile ninavyosimamia mtu akimfunga ng'ombe. Rangi ya nne ni yangu, mwanangu.

Mnunuzi akaja upesi. Ni kijana wa Ndalu anaitwa Barasa, anataka kubeba maziwa kupeleka Kitale, mitungi miwili huku na huku. Alikuja na mkewe, msichana mwenye aibu, tumbo limeshamtangulia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali. Nilikuwa na mbwa wangu tayari. Barasa akazunguka mara moja, akagusa tangi kwa vidole viwili kama mtu anayegusa kanzu ya askofu.

"Daktari, hii umeipanda wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Ni mimi tu."

"Basi sina haja ya kuangalia," akasema, na akamgeukia mkewe. "Si unaona? Ya Daktari."

Hapo nikajua nimekuwa padri. Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni kumtania mkewe kwamba akijifungua mtoto wa kiume wamwite Gia. Wakacheka. Tukashikana mikono. Tukapatana aje Jumatatu asubuhi, ambayo ni kesho.

Halafu Ijumaa ukafika wewe na barua yako ya kazi. Kwenda Sigor kutibu mifugo ya watu, na usafiri hawajakupa, na wewe hukuniomba chochote. Uliingia, ukaiona hapo sebuleni inang'aa, ukasimama. Ukaweka mkono mdomoni. "Papa," ukasema, "umenitengenezea." Ukanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Mama yako akasikia kutoka chumbani akauliza kuna nini, ukamwambia Papa ametengeneza pikipiki niende nayo kazini. Akaja na fimbo yake mpaka mlangoni, akaniangalia. Ya shingo hayajui. Lakini mimi ananijua.

Ningesema hapo. Sentensi moja tu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunikumbatia hivyo kwa jambo nililolifanya kweli, nikashindwa kulikataa lile ambalo sikulifanya.

Kwa hiyo tangu Ijumaa pikipiki moja ina wenyewe wawili. Usiku nimekuwa nikijaribu kuchagua nani. Nikimpa Barasa, wewe uko salama, na nikijisemea hivyo moyo unatulia. Halafu namwona na mitungi yake akiteremka na umande asubuhi. Wananiita kusema kwenye matanga kwa sababu nachekesha wafiwa, unajua hivyo. Nimejaribu kutafuta kichekesho nitakachosema kwenye matanga ya Barasa, huyo msichana ameketi mbele yangu na mtoto mgongoni. Nimetafuta kweli. Hakuna.

Nikasema basi nichomee upya, niichomee vizuri, uende nayo. Jaswant angeweza kesho. Halafu naona ule mteremko wa Marich, njia ya Sigor, unavyopinda, jabali upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Nilipita huko mara moja kwa lori la ng'ombe. Dereva aliacha kuongea mpaka tukafika chini. Namwona mwanangu hapo, sanduku nyuma, na pikipiki inaanza kutikisa kichwa, kidogo tu, na yeye anajiambia ni barabara.

Leo kanisani walipoiombea ndipo nilipoishiwa nguvu. Uliisukuma mwenyewe mpaka pale nje, na mzee wa kanisa akaita watu wote waweke mikono. Mkono wake ulikuwa tangini, vidole vimefika karibu na shingo, karibu na ile puti. Akaomba ulinzi barabarani. Wewe ulifumba macho. Mimi nilikuwa nimeshafumba kabla hajaanza. Watu wote wakasema amina, na mimi nikasema, kwa sauti kubwa kuwashinda.

Utaenda huko na watu watakuletea mnyama anayekufa amepakwa mafuta ang'ae. Usiwachukie. Mtu hapaki mafuta kwa sababu ni mbaya. Anapaka kwa sababu anaona aibu, na aibu ni kitu chenye nguvu sana, Nafula, inabeba mtu mzima na akili zake. Lakini wewe mfungue mnyama mdomo. Hata akiletwa na padri. Hata akiletwa na mimi.

Nimekata shauri. Haitatengenezwa na haitauzwa. Injini na magurudumu Jaswant atayachukua afanye alivyosema, yaende kwa watu wanaojua wamenunua nini. Lakini chasisi hii, nikiiacha nzima, mtu ataiokota. Nitakapokuwa sipo, ataiona nyuma ya nyumba, ataona shingo imepasuka kidogo tu, ataipeleka kwa kijana wa rangi. Najua hivyo kwa sababu mtu huyo ni mimi. Msumeno wa chuma niliuazima kwa fundi wa milango tulipotoka kanisani. Naweka kalamu chini nikate hapo penye puti.

Nimerudi.

Nilidhani nitatoka jasho. Nilivua hata shati. Nikakwangua ile kijani na ile puti yangu mpaka nikaona chuma, nikaweka msumeno, nikavuta mara chache tu. Nikashika usukani kwa mkono wa kushoto nizuie isicheze, nikaegemea kidogo, uzito wa mkono tu, si wa mtu. Ikaja. Usukani, taa, foku na gurudumu la mbele, vyote vikaja na mimi, nikaangukia kabati, na nyuma ikalala upande ule mwingine. Sahani mbili za mama yako zimevunjika.

Nimesogeza taa nikaangalia mahali palipokatika. Karibu kote ni kutu, kutu ya zamani, kahawia mpaka ndani. Chuma kinachong'aa, kile kilichokuwa bado kimeshika, ni kidogo upande wa chini, upana wa ukucha wangu. Nimeweka ukucha juu yake kupima. Juu ya huo ndio watu waliweka mikono leo. Juu ya huo ndio ulikuwa uende Sigor.

Kesho Barasa akija nitakiweka hicho kipande cha shingo kilichokatika mkononi mwake kabla hajanisalimia, na nitamwambia mbele ya yeyote atakayekuwepo, na ya mbwa nitayasema pia. Nawe kiguse. Halafu nitakubebea sanduku mpaka barabarani ungoje basi, na ukitaka kunyamaza njia yote, nyamaza. Nitajaribu kunyamaza pia. Utaona itakavyonishinda.

Mama yako ameamka. Ameita kutoka chumbani.

"Baba Nafula, ni nini imeanguka?"

"Ni pikipiki."

"Na nani alikuwa juu yake?"

"Hakuna mtu."

Akasema, "Basi njoo ulale."

Papa wako